Kuwinda kila mwaka ao kungojea pembe kubwa? Hesabu ya mwindaji na pori la Lualaba

Mwindaji mwenye mtego mmoja anajua swali hili kuliko mwalimu wa hesabu. Akikuta paa mdogo leo, amkamate ili watoto wale usiku huu? Ao amwache akue na azae, ili mwaka ujao pori liwe na wanyama wengi na wakubwa zaidi? Katika vijiji vingi vya Lualaba jibu linalosikika ni moja: "Nikimwacha mimi, mwingine atamuua kesho."

Jibu hilo si la ujinga. Lina hesabu ndani yake. Anayengoja peke yake, wakati wengine hawangoji, anapoteza mara mbili: leo hakula, na kesho hakuti kitu. Lakini pori ambalo kila mtu anakula leo bila kuhesabu linaisha, na mji wa Kolwezi unaojaa watu na mashimo ya madini umelisogeza pori lile mbali sana tayari.

Kuna mahali ambapo swali hili limewekwa katika madaftari ya serikali, kwa tarakimu na kwa majina ya wanaongoja. Ni katika milima ya magharibi ya Marekani, ambako mtu anaweza kungoja miaka zaidi ya 20 ili apewe ruhusa ya kuua mnyama mmoja tu. Hali yao si yetu. Hata hivyo, mwenye kuangalia daftari lao ataona wazi wakati gani kungoja kunalipa, na wakati gani kunadanganya. Kisha ataweza kurudi Lualaba na kuuliza maswali yanayofaa.

Mnyama mwenyewe ni nani?

Anaitwa elki. Ni wa jamii ya kulungu, anaishi katika majimbo kama Colorado, Wyoming, Montana, Idaho, Utah na Arizona. Dume mkubwa anaweza kupita kilo 300. Pembe zake zina matawi sawa na mti. Palahala na pofu wa huku kwetu wanabeba pembe zile zile maisha yao yote, lakini dume wa elki anaziangusha kila mwaka na kuotesha nyingine. Kadiri anavyokomaa, zinazoota ni kubwa zaidi, mpaka anapofika umri wa miaka 8 ao 10 hivi. Kwa hiyo pembe kubwa maana yake ni dume aliyeachwa hai miaka mingi.

Wanyama hao walikaribia kuisha. Wawindaji wa biashara waliwaua kwa ajili ya nyama, ngozi na hata meno, na mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamebaki chini ya 100,000 katika Amerika ya Kaskazini nzima. Leo wanakadiriwa kuwa karibu milioni 1, na jimbo la Colorado peke yake lina zaidi ya 250,000.

Hawakurudi kwa bahati. Biashara ya nyama ya pori ilikatazwa: mwindaji anakula alichoua, lakini hawezi kukipeleka sokoni. Kila jimbo likaweka idadi ya wanyama wanaoweza kuuawa kwa mwaka. Katika mwaka wa 1937, sheria ya nchi nzima iliamua kwamba kodi ya bunduki na risasi, ambayo kwa bunduki za kuwindia na risasi ni asilimia 11, iende kwenye kazi ya wanyama wa pori. Maana yake, anayewinda ndiye anayelipa sehemu kubwa ya mshahara wa anayehesabu na kulinda.

Pointi zinafanya kazi namna gani?

Kila mwaka ofisi ya wanyama ya jimbo inakadiria elki wa kila eneo, halafu inaamua ni wangapi wanaweza kuuawa bila kuharibu kundi. Hesabu hiyo inageuzwa kuwa permi. Permi moja, mnyama mmoja. Kwenye maeneo mengine permi ni nyingi na kuzipata si kazi. Lakini kwenye maeneo yenye madume wazee, permi ni chache sana na waombaji ni wengi.

Hapo ndipo pointi zinaingia. Mtu akiomba na kukosa, anapewa pointi moja. Mwaka unaofuata anaomba tena. Akikosa, anapata ya pili. Siku akipata permi ile aliyoitamani, pointi zake zote zinafutwa na anarudi kwenye sifuri.

Kila jimbo lina namna yake. Colorado imefuata foleni: mwenye pointi nyingi anahudumiwa kwanza. Nevada inafanya sawa na tombola ambamo pointi zinazidishwa kwa zenyewe, yaani mwenye pointi 5 anapata nafasi 25 juu ya ile ya ombi la mwaka huo. Idaho na New Mexico hazitumii pointi kabisa: mzee aliyeomba mara 15 na kijana anayeomba mara ya kwanza wana bahati sawa.

Basi mwindaji wa kule ana njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni kwenda kila mwaka kwenye eneo rahisi, akitafuta jike ao dume kijana. Mara nyingi atarudi mikono mitupu. Katika Colorado, kwa kadiri, ni mwindaji mmoja tu kwa watano anayepata mnyama kwa mwaka. Lakini kila mwaka anajifunza milima, anajua wanyama wanakunywa wapi na upepo unavuma namna gani. Njia ya pili ni kuweka pointi bila kuwinda, mwaka kwa mwaka, akingojea eneo lile la sifa ambako permi inadai pointi zaidi ya 20.

Foleni inayorefuka

Njia ya pili inaonekana kama akiba ya benki, lakini mwenye kuifuata anapaswa kupiga hesabu vizuri. Chukua mfano mdogo. Eneo fulani linatoa permi 5 kwa mwaka. Mbele ya kijana anayeanza leo kuna watu 200. Foleni ile itamfikia baada ya miaka 40. Akiwa ameanza na miaka 30, atapanda mlima akiwa na miaka 70, kama magoti yake bado yanakubali.

Tena, kila mwaka watu wapya wanaingia, na wale wenye pointi nyingi wanangoja wote mahali pamoja. Permi iliyodai pointi 15 inaanza kudai 16, kisha 17. Mtu anapanda ngazi moja, na ngazi yenyewe inaongezwa moja juu. Yuko anayekimbia miaka yote bila kusogea. Waswahili wanasema mvumilivu hula mbivu, lakini katika foleni ya namna hii mbivu zinaliwa na yule aliyefika mapema.

Kisha kanuni zinaweza kubadilika. Mpaka mwaka wa 2024, mgeni kutoka jimbo lingine aliweza kununua permi ya kuwinda elki kwa upinde katika sehemu kubwa ya Colorado bila kupitia foleni. Kuanzia 2025 mlango huo ulifungwa, naye anapaswa kuomba na kungoja. Aliyejiwekea mipango juu ya kanuni za zamani ilimbidi aanze hesabu upya.

Ndiyo sababu wawindaji wengi wenye uzoefu hawachagui njia moja peke yake. Wanaweka pointi moja kila mwaka kwa ajili ya eneo lile kubwa, na mwaka ule ule wanawinda kwenye eneo rahisi ili wapate nyama na wasisahau kazi. Kungoja wanakufanya pembeni ya kula, si badala ya kula.

Kitu kimoja hakionekani kirahisi katika hesabu hii yote. Mwindaji wa Colorado anaweza kuwa na wasiwasi juu ya umri wake na urefu wa foleni, lakini hana wasiwasi kwamba jirani yake ataingia usiku na kuua wanyama wote. Jina lake liko kwenye daftari, idadi ya permi inatangazwa, na anayeua bila permi anapelekwa mbele ya sheria. Zaidi ya hayo, akikosa elki, duka la nyama liko wazi. Anangoja akiwa ameshiba.

Huku kwetu nani anashika daftari?

Kongo nayo ina sheria. Ile ya tarehe 28 Mei 1982 ndiyo inayopanga mambo ya kuwinda: hakuna anayewinda bila permi. Kuna permi za uwindaji mdogo na za uwindaji mkubwa, kuna permi ya vijijini, na kuna permi ya pamoja ambayo jamii ya mahali inaweza kupewa ili iwinde kwa desturi yake na kwa chakula chake. Wanyama wamegawanywa katika orodha: wengine hawaguswi kabisa, tembo akiwa mmoja wao, na wengine wanaweza kuwindwa kwa permi na kwa wakati wake. Sheria nyingine ya tarehe 11 Februari 2014 imeongeza nguvu upande wa kulinda viumbe vya asili, na ICCN ndiyo taasisi ya serikali inayosimamia mbuga na hifadhi.

Kwenye karatasi, basi, mwindaji wa Lualaba ana permi sawa na yule wa Colorado. Tofauti iko kwenye kuhesabu. Katika vijiji vingi, hakuna anayekuja kusema: mwaka huu eneo lenu lina wanyama hawa, mnaweza kuchukua hawa, bakizeni hawa. Permi bila hesabu ni karatasi ya kulipia tu. Na anayelipa karatasi anaweza kukuta asiyelipa amemtangulia porini.

Mfano wa karibu ni Basse-Kando, si mbali na Kolwezi, upande wa mto Kando. Lilitengwa tangu wakati wa ukoloni kama eneo la uwindaji, yaani mahali ambapo wanyama wanatunzwa na kuwindwa kwa mpango. Ni eneo lenye mito, na viboko wamejulikana pale. Lakini chini ya majani yale kuna shaba na kobalti. Migodi imeingia ndani ya mipaka ya eneo lenyewe, na mabishano kati ya wanaotetea hifadhi na wanaotetea madini yameendelea kwa miaka mingi. Mwanakijiji aliyeambiwa asiue kiboko leo ili kesho wawe wengi ana haki ya kuuliza: na mashine zikija, aliyengoja atapewa nini?

Upande wa kaskazini na mashariki kuna mbuga ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka wa 1939, na ile ya Kundelungu ya mwaka wa 1970. Upemba ndiko kunakoishi bado pundamilia wa mwisho wa Kongo, pamoja na tembo wachache wa nyika waliobaki kusini mwa nchi. Uchache huo una historia. Katika karne ya 19, Msiri wa Bunkeya alijenga ufalme wake kwa shaba na pembe za ndovu zilizokwenda mpaka pwani zote mbili, Bahari ya Hindi na Atlantiki. Jina la Wayeke lenyewe linahusiana na chama cha wawindaji wa tembo. Pori lile lilionekana kama haliwezi kuisha. Leo mtoto wa Bunkeya anamjua tembo kwa picha ya kitabu cha shule.

Majirani walijaribu namna gani?

Ng'ambo ya mpaka, Zambia ilichagua kuwafanya wanavijiji wawe na fungu katika kungoja. Pembeni ya mbuga zake kuna maeneo ya kusimamia wanyama ambamo watu wanaishi, wanalima, na wageni wanalipa ili kuwinda. Kwa kanuni, nusu ya malipo yanayolipwa kwa kila mnyama inapaswa kurudi kwa kamati za jamii, na sehemu ndogo ya hiyo kwa machifu. Mnyama mmoja mzee akiuawa na mgeni anaweza kuleta pesa kuliko wanyama wengi waliouzwa nyama pembeni ya barabara.

Shida yao ni kwamba pesa mara nyingi zinachelewa kufika kijijini. Tena mwanzoni mwa 2013 serikali ilisimamisha uwindaji wa wageni katika maeneo mengi, ikisema wanyama wamepungua na mikataba haikutolewa vizuri. Uwindaji ulifunguliwa tena mwaka wa 2014, na kwa simba na chui mwaka wa 2015. Katika wakati ule wa kufungwa, malipo ya vijiji yalikauka pia. Anayengoja malipo yasiyofika anarudi kwenye mtego wake, na hakuna hotuba itakayomzuia.

Tanzania imeweka kungoja ndani ya umri wa mnyama. Simba anayewindwa na mgeni anapaswa kuwa na angalau miaka 6, ili awe amepata nafasi ya kulea watoto. Kwa tembo, kipimo ni pembe: kilo 20 ao urefu wa sentimita 160. Kenya ilifuata njia nyingine kabisa, ikakataza uwindaji mwaka wa 1977. Namibia, kwa sheria ya mwaka wa 1996, iliwapa wanavijiji waliojiandikisha haki ya kusimamia wanyama wa eneo lao na kupokea mapato yake. Maeneo hayo sasa yanapita 80.

Nchi hizi hazikubaliani juu ya kuua ao kutoua. Lakini zote zinaonyesha jambo moja: kungoja kunashikika pale ambapo anayengoja anajua fungu lake liko wapi na nani anaweza kumnyang'anya.

Watu wa Kolwezi wanajua kungoja

Wako wanaosema kwamba mtu wa huku hana uvumilivu, anataka cha leo tu. Likelemba inawakatalia. Mama 12 wa soko wakiweka franga kila mwezi, wa mwisho anangoja miezi 12 bila kulia. Anangoja kwa sababu anawajua wenzake 11, majina yameandikwa, na zamu yake haiwezi kuuzwa kwa mwingine. Likelemba ambamo mwenye daftari anakimbia na pesa inakufa siku ile ile, na mwaka ujao kila mtu anaweka pesa yake chini ya godoro.

Hata serikali yenyewe imejaribu kungoja, na kobalti. Bei ilikuwa imeshuka sana kwa sababu ilikuwa nyingi sokoni, na Kongo ndiyo inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia. Tarehe 22 Februari 2025, usafirishaji kwenda nje ulisimamishwa kwa miezi 4, kisha ukaongezwa miezi 3. Kuanzia tarehe 16 Oktoba 2025 mpango wa mafungu ulianza: tani 18,125 kwa sehemu iliyobaki ya mwaka, na tani 96,600 kwa kila mwaka wa 2026 na 2027. Kabla ya mwaka kuisha, bei ya dunia ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili.

Kwa nchi, kungoja kule kulionekana kulipa. Lakini uzito haukubebwa sawa. Kampuni kubwa ina bohari na ina benki. Mchimbaji wa mikono hana bohari. Gunia lake la jioni ndilo ugali wa usiku. Kumwambia angoje bei bila kumwonyesha atakula nini ni kumwambia afunge saumu kwa ajili ya mwingine. Mwindaji maskini yuko kwenye hali ile ile. Ndiyo maana mpango wowote wa kungoja porini ambao hauanzi na chakula cha leo hautafika mbali.

Wanyama hawana haraka sawa

Njia ya kuunganisha chakula cha leo na pori la kesho iko, na inaanza na kujua kila mnyama anazaa namna gani.

Panya wakubwa wa majani, wale wanaoliwa sana huku, wanabeba mimba miezi 5 hivi, wanazaa watoto 4 ao zaidi kwa mara moja, na wanaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Wanafugika pia nyumbani. Palahala jike anabeba mimba karibu miezi 9 na kuzaa mtoto mmoja. Kiboko anabeba miezi 8, lakini kwa kawaida anapata mtoto mmoja tu kwa miaka miwili. Tembo anabeba miezi 22, na kati ya mtoto na mtoto inapita miaka 4 ao 5.

Weka hesabu hiyo sawa na pesa. Panya wa majani ni pesa ya mfukoni: ukitumia leo, kesho inaingia nyingine. Kiboko ni nyumba ya familia: ukiuza ili ununue ugali, hautajenga nyingine maishani mwako. Mtego wa waya haujui tofauti hii. Unakamata jike mwenye mimba sawa na dume mzee, na mwenye mtego akichelewa kwenda kuangalia, nyama inaoza bila kumfaa mtu. Moto wa kuwindia wa kiangazi ni vile vile: unachoma kiota na mtoto pamoja na yule aliyetafutwa, tena miti michanga ya makala.

Kwa hiyo swali la mwanzo linaweza kukatwa vipande viwili. Kwa wanyama wadogo wanaozaa haraka na ambao sheria inaruhusu, kuwinda kila mwaka hakuharibu hesabu, mradi wakati wa kuzaa uheshimiwe. Kwa wakubwa wanaozaa polepole, kuwinda kila mwaka ni kula mbegu. Hao ndio wa kungojea. Kumbe hata yule mwindaji wa Colorado, mwenye pointi zake kwenye daftari, anafanya vile vile: kidogo kila mwaka, na kikubwa kwa zamu yake.

Kijiji kinaweza kudai nini?

Kijiji kinachotaka kujaribu hakianzi na mikono mitupu. Permi ya pamoja iko ndani ya sheria ya 1982, na kuiomba kwenye ofisi ya mazingira kunafanya uwindaji wa kijiji uwe na jina na idadi. Kuna pia dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 juu ya misitu ya jamii. Inaruhusu jamii ya mahali kupewa, kwa kuiomba, msitu wake wa desturi mpaka hektari 50,000, bila kikomo cha miaka. Hati hiyo haiondoi sheria ya kuwinda, na wanyama wanabaki mali ya serikali. Wala haifuti madini yaliyo chini ya udongo. Lakini inakipa kijiji mipaka inayojulikana na mpango wa kusimamia. Mtu wa nje anayeingia na mitego 50 hapo anaulizwa kwa jina la sheria, si kwa jina la ugomvi.

Ndani ya mipaka hiyo, daftari lenyewe linaweza kuwa kaye ya shule: nani aliwinda, mnyama gani, jike ao dume, mwezi gani, sehemu gani. Baada ya miaka miwili kaye hiyo itasema mambo ambayo hakuna ofisa anayeyajua. Kama panya wa majani wanapungua, itaonekana. Kama palahala alionekana tena kwenye bonde fulani, itaandikwa.

Na kabla ya kukubali kungoja, wanakijiji wana haki ya kuuliza maswali matatu mbele ya shefu, mbele ya ICCN na mbele ya kampuni yoyote inayopima udongo wao. Eneo hili limeshapewa mwingine kwa ajili ya madini, ndiyo ao hapana? Kama wanyama wakiongezeka, kijiji kitapata fungu gani, na litaandikwa wapi? Na mtu wa kijiji ao mkubwa kutoka mjini akivunja makubaliano, ataadhibiwa sawa?

Swali la tatu ndilo zito. Vijana wanaoitwa majangili kwa paa mmoja wanajua vizuri pia magari ya nani yanapita usiku na nyama ya kukaushwa chini ya turubai. Mpango unaomfunga wa kwanza na kumwacha wa pili hautapata mtu wa kungoja, hata ukiandikwa vizuri namna gani. Lakini pale ambapo shefu mwenyewe anaandikwa kwenye kaye sawa na wengine, kijana atakuwa na sababu ya kumwacha palahala apite.